Presha ya Mama Violet

Barua ya kaunti ilipofika, Zefania aliisoma mara tatu akiwa amesimama mlangoni, kisha akamsomea mkewe kwa sauti kana kwamba mkewe hajui kusoma. Leokadia alikuwa ameshafaulu mtihani wa kuandika na ule wa kusikiliza huku akichapa. Zilibaki hatua mbili ili aajiriwe kupokea simu za dharura, zile zinazopigwa nyumba ikiungua au mtoto akikabwa na kitu kooni. Kwanza angekaa kwenye mashine ya kupima uongo, Jumatano ya tarehe kumi na saba Juni, saa tatu asubuhi, huko Rockville. Akivuka hapo, mpelelezi angekuja nyumbani kuuliza maswali ya mwisho.

"Hapo kwenye uongo hawakupati," Zefania alisema. "Wewe hata muuza vitenge unamwambia bei uliyopanga kulipa."

Leokadia alicheka, akarudi jikoni kugeuza maandazi ambayo yalikuwa bado hayajaiva upande wa chini.

Kazi hiyo aliitaka kwa roho yake yote. Kwa miaka mitano hapo Marekani alikuwa akiwaogesha na kuwanyanyua wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee pale Wheaton, mpaka kiuno kikawa kinajua mvua itanyesha lini. Kazi ile haikumpa bima ya matibabu, na teksi ya Zefania nayo ilikuwa na bima ya gari tu, si ya dereva. Kaunti ingempa kiti, simu ya kuvaa kichwani, na kadi ya hospitali kwa watu watatu wa nyumba ile, yeye, mumewe na binti yao Violet. Zaidi ya hayo, alijua kwamba anaiweza. Mzee akipagawa kule Wheaton na kuanza kupiga kelele, wauguzi walimwita yeye, maana sauti yake ilikuwa inatuliza watu. Hilo alilijua kama anavyojua namba ya viatu vyake, wala hakuona haja ya kujifanya halijui.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikaa kwenye droo ya bafuni ndani ya kichupa cha plastiki chenye kifuniko cheupe. Vilivyomo, nyumba nzima iliviita vidonge vya presha, na havikuwa vya presha.

Mwaka uliopita Leokadia alifiwa na mama yake, na kwa kuwa karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka, hakuweza kwenda kuzika. Matanga yalifanyika hapo hapo Langley Park, sebuleni. Watu walikuja na masufuria ya pilau, wakamsifu kwamba ni mwanamke jasiri. Walipoondoka na masufuria yao, ujasiri nao ukaondoka. Akakonda, usingizi ukakatika, akawa anakaa kwenye ukingo wa bafu bila kukumbuka alichofuata. Daktari wa kliniki alimwambia kwamba ni ugonjwa wa huzuni, kwamba unatibika, akampa vidonge na kumwonya asiviache bila kumwambia. Jioni hiyohiyo, kabla Leokadia hajafungua mdomo, alimkuta Zefania akisimulia habari za abiria wake mmoja anayemeza vidonge vya namna hiyo. Mtu kama yule, Zefania alisema, hata mtoto usimwachie. Basi mumewe alipouliza daktari kasemaje, Leokadia akajibu kwamba ni presha.

Presha kwetu ni ugonjwa wenye heshima zake. Hauulizwi swali, kila mtu ana mama au shangazi anao. Zefania aliondoa chumvi mezani siku ileile, na akina mama wa kanisani wakawa wanamtengea mgonjwa mchuzi wake. Mwaka mzima familia ile ilikula mboga zilizopooza kwa ajili ya maradhi ambayo hayakuwepo, na Leokadia, mwenye presha nzuri kuliko ya mchungaji, alikula kwa adabu huku akipona yale mengine.

*

Aliyevuruga mambo ni Gitau, Mkenya wa ghorofa ya chini. Gitau aliwahi kuomba kazi ya askari magereza, akawekwa kwenye mashine hiyohiyo, akaanguka. Kuanguka huko hakukumpunguzia ujuzi. Jumamosi, tarehe sita, walikutana na Zefania kwenye chumba cha kufulia, na nguo zikizunguka, Gitau alitoa somo.

"Hiyo kitu inasoma presha, Zefa. Ndio maana wanakufunga ile belt ya daktari kwa mkono. Sasa kama presha imeshikwa na dawa, machine inaona kuna mtu amejificha. Mimi walini-fail juu ya dawa ya homa. Ambia Mama Violet awachane na hizo tembe kabisa, body ikae natural."

Zefania alipanda ngazi na kapu la nguo na mpango kamili. Vidonge vingesimama siku hiyo. Kila jioni wangeenda pamoja kwenye duka la dawa lenye kile kiti cha kupimia presha bure, na ikipanda hata kidogo, angevirudia palepale. Leokadia alisema daktari alikataza kuacha bila kumwambia. Zefania akamjibu kwa upole kwamba daktari haombi kazi kaunti. Angembishia vipi mtu aliyekuwa tayari kumsindikiza kila siku kupima ugonjwa asiokuwa nao? Kila neno ambalo lingemsaidia lilikuwa upande wa pili wa ule uongo.

Kulikuwa na fomu pia. Fomu ya kaunti iliuliza dawa zote anazotumia mwombaji, na kwa kuwa Zefania ndiye mwenye mwandiko mzuri, yeye ndiye aliyeandika dawa ya presha, Leokadia akatia sahihi. Alijipigia hesabu kwamba akiviacha, uongo wa fomu utapungua ukubwa. Tena alikuwa analala vizuri, anakula, anacheka. Huenda amepona, alijiambia. Akafunga droo.

Siku mbili zilipita salama. Siku ya tatu, kwenye basi la Wheaton, aligeuza macho kumtazama mtoto wa abiria mwenzake na kitu kikapiga ndani ya kichwa chake, chap, kama umeme unaokatika na kurudi. Alipogeuza macho tena, kikapiga tena. Siku ya nne viganja vilianza kutoka jasho, tumbo likachafuka. Siku ya sita alilia kwa sababu ya tangazo la chakula cha paka kwenye televisheni, na siku ya saba alimkaripia Violet kwa sababu ya kijiko. Hakuwahi kumkaripia mtoto kwa sababu ya kijiko.

Jioni walikwenda kwenye kile kiti. Leokadia aliingiza mkono, mashine ikabana, ikatoa namba, na namba zikawa za kijana wa miaka kumi na minane. Zefania alizisoma kwa sauti ili mfamasia asikie. Alipoambiwa habari za kizunguzungu alisema mwili unajisafisha. Furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa, na ndiyo iliyomfunga Leokadia mdomo kuliko kitu kingine chochote.

Aliyejua ni Violet, binti yao wa miaka kumi na minne. Alimfuata mama yake bafuni, akafunga mlango.

"Mom, I read the bottle. That's not for blood pressure."

"Usimwambie baba yako."

"I won't. But you should tell him. Like, today."

Leokadia alisema atamwambia mtihani ukipita. Lakini jioni ya Jumanne, baada ya kutapika mara mbili, aliamua kwamba mtihani wenyewe hautafika bila kidonge kimoja. Alifungua droo. Kichupa hakikuwepo. Zefania alipoulizwa alicheka, akasema amekihifadhi mahali salama maana alijua atashawishika dakika za mwisho.

*

Asubuhi ya Jumatano walikwenda kwa teksi, wakapanda barabara ya University Boulevard hadi Wheaton, wakashika ile ya Veirs Mill. Leokadia alikuwa amevaa blauzi ya kijani iliyopigwa pasi, nayo ilikuwa imelowa mgongoni kabla hata hawajafika nusu ya njia. Alitazama mbele tu, kwa sababu kutazama pembeni kulileta ile chap.

Zefania alisema leo ni siku ya baraka mbili. Akasubiri aulizwe. Hakuulizwa, akaeleza mwenyewe: vile vidonge hakuvitupa. Alimpa Festus, kijana wa kanisani kwao anayesoma chuo cha College Park, anayekwenda nyumbani kuoa. Festus angempitishia mama yake Zefania kule Musoma.

"Mama ana presha ya kweli kweli," alisema. "Wewe umepona, yeye anahangaika na dawa za zahanati. Nimemwandikia barua aache hizo zao, ameze hizi za Marekani. Festus anaondoka leo. Saa nne na nusu wanampitia kumpeleka kwenye basi la New York, akapande ndege huko."

Leokadia alishika mlango wa gari. Alitaka kusema, na neno la kwanza lilikuwa tayari kwenye ulimi, lakini walikuwa wameshafika, na askari wa lango alikuwa ameinama dirishani akitaka kitambulisho. Zefania akamwombea kwa haraka, akamfungulia mlango, akamwambia ajibu kama anavyowajibu watu wote, ukweli mtupu.

*

Chumba kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Mpimaji alikuwa Mmarekani mweusi wa miaka hamsini na zaidi, mama mwenye miwani ya kamba na mvi zilizokatwa fupi, jina lake Kamilah. Alisoma fomu, akaona Tanzania, uso ukachangamka. Alijifunza Kiswahili chuoni miaka ya sabini, alisema, enzi za nywele ndefu na vitenge, na tangu hapo hajapata mtu wa kumjaribia.

"Shikamoo," akasema Kamilah kwa unyenyekevu.

Mwanamke wa umri wa mama yake mdogo alikuwa amemwamkia yeye. Kuitikia ni utovu wa adabu, kutoitikia ni kumdharau, na kumsahihisha mtu aliyeshika kazi yako mkononi ni ujinga. Leokadia aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, akahisi jasho likimshuka kifuani, na mashine ilikuwa bado haijawashwa.

Baada ya hapo walizungumza Kiingereza. Kamilah alimfunga mirija miwili ya mpira kifuani, vibati viwili vidoleni, na mkanda wa kupimia presha mkononi. Alimsomea maswali yote kabla ya kuanza, ili lisiwepo la kushtukiza. Alimweleza pia utaratibu. Maswali yangerudiwa raundi tatu, hadi saa sita hivi. Asiyesomeka raundi zote tatu anawekwa pembeni, na nyuma yake kuna majina arobaini. Anayeomba kufunguliwa katikati anahesabiwa amejitoa, na mwenye kujitoa haombi tena mpaka mwaka upite.

Kisha aliuliza dawa. Leokadia alisema ya presha, ila ameiacha. Kamilah alitazama kipimo cha mkanda, akasema kwa mtu aliyeacha dawa ya presha, presha hii ni nzuri ajabu. Hakusema zaidi. Akawasha.

Kalamu nne zilianza kuchora mistari kwenye karatasi iliyokuwa ikitembea. Je, jina lako ni Leokadia? Ndiyo. Umewahi kuuza dawa za kulevya? Hapana. Leo ni Jumatano? Ndiyo. Kuna jibu lolote la uongo kwenye fomu yako? Hapana. Ile chap ilipiga kichwani alipotaja jina lake, ikapiga alipotaja siku, na kila ilipopiga aliruka kidogo, kalamu nazo zikaruka. Viganja vilikuwa vimelowa kiasi kwamba kibati kimoja kilianza kuteleza.

Raundi ya kwanza ilipoisha, Kamilah aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Alisema hajawahi kuona mtu anayeonekana kudanganya kuhusu Jumatano. Akamuuliza kama anaumwa. Leokadia alisema ni wasiwasi tu. Akapewa maji, akanywa kwa mkono usiofungwa, na kinywa kilikuwa kikavu hata baada ya kunywa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi raundi ya pili ilipoanza. Jina. Jumatano. Kisha lile swali ambalo alikuwa ameshasomewa na kulipita bila kulisikia: je, kuna jambo unalolificha linaloweza kumdhuru mtu mwingine?

Alimwona mama mkwe wake, mwembamba, mwenye utii wa kutisha kwa kila kitu kinachotoka kwa mwanawe aliye Marekani, akiweka pembeni dawa zake za zahanati na kumeza vya kwenye kichupa. Angemeza mpaka kiishe. Nyumbani kwake hakukuwa na simu, na barua ilichukua wiki tatu ikibahatika.

Kamilah akarudia swali.

"Naomba unifungue," Leokadia alisema. "Nahitaji kupiga simu sasa hivi."

Kamilah alizima mashine. Alimkumbusha, taratibu na kwa maneno ya wazi, kwamba akifunguliwa sasa atahesabiwa amejitoa. Alimuuliza kama simu hiyo haiwezi kungoja saa moja na nusu.

"Haiwezi. Kuna bibi kizee atameza dawa zangu."

Wakati anafunguliwa ule mkanda wa mkononi, Leokadia alijua kabisa anachokiacha pale kwenye kiti. Alikiona chote, kiti kingine chenye simu, kadi ya hospitali yenye jina la Violet, kiuno chake kikipumzika. Kilimwuma vibaya sana. Lakini vidole vilivyolowa jasho vilibonyeza namba za Festus kwenye simu ya mezani ya Kamilah bila kukosea.

Simu ililia mara sita. Festus alipokea akihema, akasema wenzake wanapakia mabegi, kuna nini dada.

"Festus, nisikilize vizuri. Ile chupa aliyokupa Baba Violet usiende nayo. Itoe kwenye begi."

Festus alisema hizo si ni za presha za mama, ameshazipanga.

"Si za presha. Ni zangu." Kwa Kiingereza jina la ugonjwa alikuwa analo, la daktari, jepesi. Kwa Kiswahili hakuwahi kulisema kwa mtu yeyote. "Ni za ugonjwa wa huzuni. Mimi naumwa ugonjwa wa huzuni tangu mama afariki. Mama mkwe akizimeza na kuacha zake, utakuwa umempelekea kifo. Zitoe sasa hivi na mimi nikiwa hapa kwenye simu, na ile barua uichane. Mwambie mama aendelee na dawa zake zilezile."

Alisikia zipu, sauti za vijana wakiuliza, na Festus akiwajibu huku hajaziba simu. Kisha Festus akasema kichupa kiko mezani na barua ameichana. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imejaa heshima ya woga, kama ya mtu anayeongea na mgonjwa. Leokadia alimtakia safari njema na ndoa njema, akakata simu. Alijua habari hiyo itafika kanisani kabla ya Jumapili.

Kamilah alikuwa akisikiliza muda wote. Kiswahili chake cha chuoni kilikuwa kimeishika huzuni, na mama, na kifo, na hayo yalimtosha.

"Pole sana, dada," alisema, na safari hii hakukosea.

Leokadia alimweleza yote kwa Kiingereza, kuanzia ukingo wa bafu mpaka Gitau. Kamilah alivua miwani. Yeye si daktari, alisema, lakini amewapima watu wengi wanaotumia dawa hizo, wakamaliza salama. Dawa haimnyimi mtu kazi. Mwili ulionyang'anywa dawa ghafla ndio asioweza kuusoma, kwa kuwa unashtuka hata ukiulizwa siku. Fomu ya uongo ilikuwa jambo lingine, zito zaidi. Alimsogezea ile fomu na kalamu. Kikao kilikuwa bado hakijaandikwa kwamba kimefungwa. Anayesahihisha kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kikao kufungwa, amesahihisha.

Leokadia alikata mstari juu ya mwandiko mzuri wa mumewe, akaandika jina la dawa, akaandika inatibu nini, akatia sahihi. Kamilah alisema ataandika kwa nini alisimama, kwamba hakusimama ili kujiokoa, na kwamba uamuzi si wake, ni wa wakubwa.

*

Zefania alikuwa kwenye maegesho akitafuna karanga. Alipomwona mkewe anatoka karibu saa moja kabla ya wakati, aliacha kutafuna. Leokadia hakwenda kukaa mbele. Alifungua mlango wa nyuma, akakaa kama abiria, akaanza kusema kabla hajaulizwa. Zefania hakugeuka. Alimsikiliza kwa kumtazama kwenye kioo, na maganda ya karanga yalikuwa bado mkononi mwake alipomaliza.

"Festus amejua," alisema hatimaye.

"Amejua."

"Na yule mama wa mashine amejua."

"Ndiyo."

"Na Violet?"

"Alisoma kwenye chupa."

Zefania alifungua mkono, akayatazama yale maganda. "Kwa hiyo mimi ni wa nne. Mimi ninayelala na wewe." Sauti yake haikupanda. "Mwaka mzima nakula mchunga usio na chumvi, Mama Violet. Nakwambia ni mtamu."

"Ulisema mtu kama mimi asiachiwe mtoto."

Zefania alifungua mdomo kukana. Kisha akakumbuka, maana uso wake ulibadilika kwenye kioo. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na miwili ambaye asubuhi ile alikuwa amepanga kumtibu mama yake na kumfaulisha mke wake kwa chupa moja.

"Ni kweli nilisema," alisema. "Nilisema ujinga."

Akawasha gari. Akaendesha hadi Wheaton. Hapo aliegesha mbele ya lile duka la dawa, akampa Leokadia sarafu za simu ya barabarani ampigie daktari wake. Daktari alisema aanze tena leo, na Ijumaa aende amwone. Zefania aliingia dukani peke yake. Alikipita kile kiti cha kupimia presha bila kukitazama, akapanga foleni, akatoka na mfuko mdogo wa karatasi. Safari hii aliisoma karatasi yote iliyobandikwa kwenye chupa, mstari kwa mstari, akamuuliza mkewe hilo jina la dawa linatamkwaje. Leokadia akamtamkia. Zefania akalirudia mara mbili mpaka likakaa sawa.

*

Habari zilifika kanisani kama ilivyotarajiwa, zikapata miguu na mikono. Jumapili ya kwanza watu walimsalimia Leokadia kwa sauti za chini, na dada mmoja alimhamisha mwanawe kutoka kwenye kiti cha jirani yake. Leokadia alikaa wima, akaimba nyimbo zote. Wiki zilizofuata wanawake watatu walimpigia simu, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akidai anamuulizia rafiki, wakitaka kujua ile kliniki iko mtaa gani. Aliwapa anwani na namba ya basi.

Ile chap ilififia ndani ya wiki ya kwanza, ikaisha. Wakubwa wa kaunti waliisoma ripoti ya Kamilah na barua ya daktari, wakakaa nazo karibu wiki nane, kisha wakamwita Leokadia tena katikati ya Agosti. Alikunywa kidonge chake asubuhi kama siku zote. Kalamu zilitembea raundi zote tatu kwa utulivu, na Kamilah alimwambia kwamba leo hata Jumatano imekuwa Jumatano. Ilibaki hatua moja.

Mpelelezi alifika nyumbani Alhamisi saa kumi jioni. Alikuwa mzee mmoja aliyestaafu polisi, aliyejitambulisha kwa jina la Dunstan, mwenye suti iliyombana na faili nene. Alikaa kwenye kochi la Langley Park, akakubali chai, akaomba kuongea na mume huku mke akiwa hapohapo. Aliuliza ya majirani, ya madeni, ya pombe. Kisha akafungua ukurasa mwingine.

"Mke wako anatumia dawa yoyote?"

Violet aliacha kuandika kazi yake ya shule. Leokadia alikuwa ameshika birika, akabaki nalo mkononi.

"Anatumia," Zefania alisema kwa Kiingereza chake cha teksi, na akalitamka jina la dawa lote, bila kukwama. "Ni ya ugonjwa wa huzuni. Anakunywa kila asubuhi saa kumi na mbili. Maji namletea mimi."

Dunstan aliandika. Akauliza, bila kuinua kichwa, kama mume haoni kwamba ugonjwa huo utamshinda mkewe siku ambayo simu ni nyingi na kila anayepiga analia.

Zefania aliweka kikombe chini.

"Mzee wangu, mke wangu alikuwa amefungwa kwenye mashine yenu. Kazi hii anaitafuta mwaka wa pili. Akaambiwa akisimama, ameikosa. Akasimama, kwa sababu kulikuwa na bibi kizee anayetakiwa kuokolewa kwa simu. Yule bibi ni mama yangu. Sasa niambie wewe, mnatafuta mtu wa namna gani wa kukaa kwenye simu zenu?"

Dunstan aliandika kwa muda mrefu, mistari mingi kuliko maneno aliyoambiwa. Kisha akafunga faili, akamaliza chai yake, akamgeukia Leokadia na kumuuliza anavaa shati la sare saizi gani.